Siku moja maishani mwangu: magurudumu ya safari ndefu, mtaa wa Birere, Goma

Saa moja asubuhi. Naanza na gurudumu la nyuma la baiskeli lililoachwa jana jioni. Spoki tatu zimekatika, zote upande wa mnyororo, zote kwenye kiwiko pale zinapotokea kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nazigonga zilizobaki kwa kidole: moja inalia kama waya wa gitaa, jirani yake inaguna kama kamba ya kuanikia nguo. Ugonjwa uko hapo. Spoki iliyolegea huachia na kuvutwa kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka.

Saa mbili. Mwenyewe anafika.

"Fundi, safari hii niwekee nene, za pikipiki."

"Hapana, ndugu yangu. Kwanza niambie: wewe na mizigo ni kilo ngapi, na unapita wapi?"

Yeye kilo 75, mizigo 25. Anavuka mpaka kwenda Rubavu, Rwanda, afuate Congo Nile Trail, njia ya kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 hadi Rusizi, ndipo aingie Bukavu. Fundi asiyeuliza maswali hayo mawili, usimwachie pesa.

Spoki za pikipiki haziingii kwenye matundu ya habu ya baiskeli, na ukiyapanua umeua habu. Hata zingeingia, spoki ngumu mno haivutiki, na rimu ndiyo hupasuka kuzunguka nipeli, zile nati ndogo zinazokaza spoki. Gurudumu la chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, hubeba kwa unene wa mbao. La baiskeli hubeba kwa mvuto wa spoki zake.

Tunakubaliana: rimu za inchi 26 zenye kuta mbili, kwa kuwa tairi za saizi hiyo hazisumbui kupatikana, matundu 36, spoki za milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati, nipeli za shaba ya manjano, maana za alumini huliwa kichwa na ufunguo.

Saa nne. Vipimo. Fito mbili za milimita 250 kamili, kila moja na nipeli yake, nazisimamisha kwenye matundu ya rimu yanayotazamana. Pengo la katikati ni 40, kwa hiyo kipenyo cha kupigia hesabu ya urefu wa spoki ni 540. Gurudumu la nyuma spoki za kulia zinatoka fupi kwa milimita 2, kwa sababu ya nafasi ya gia.

Saa sita. Kusuka. Tone la mafuta kwenye uzi wa skrubu wa kila spoki, makundi manne ya spoki tisa tisa, kila spoki ikatize wenzake watatu: wawili kwa upande mmoja, wa tatu kwa upande wa pili. Tundu la valvu libaki kati ya spoki zinazokwenda sambamba, pampu ipate kuingia.

Saa nane mpaka saa kumi. Hapa sipokei simu. Nakaza nusu mzunguko kwa kila nipeli, kisha robo. Spoki hujisokota pamoja na nipeli, kwa hiyo napitisha kidogo halafu narudisha. Usipofanya hivyo itajisokotoa barabarani na rimu itapinda. Nyuma kulia nafikisha mvuto wa kilo 110 hivi kwa kila spoki, kushoto karibu 65. Tofauti hiyo si kosa. Kosa ni spoki za upande mmoja kutofautiana sauti. Halafu navaa glavu, nashika spoki mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu zote, gurudumu zima. Zinalia *tik, tik*, viwiko vikikaa mahali pake. Mvuto unapungua, nakaza tena, nabana tena, mpaka kimya. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa gurudumu tayari linaonekana limenyooka. Muulize wako kama anabana. Akishangaa, tafuta mwingine.

Saa kumi na moja. Rimu haiyumbi zaidi ya nusu milimita, nayo iko katikati kabisa. Namkabidhi pamoja na ufunguo wa spoki, kifaa cha kufungulia gia, na spoki sita za akiba: nne za kulia, mbili za kushoto. Za kulia nimezifunga utepe mwekundu, maana milimita 2 hazionekani gizani.