Tarakimu Saba Mgongoni mwa Riwaya

Riwaya ya Kiingereza hubandikwa 823 mgongoni, basi. Riwaya ya Kiswahili, katika mfumo uleule wa Dewey, ambao maktaba hutumia kupanga vitabu kwa namba za mada, hubandikwa 896.3923. Nilipokuwa msaidizi wa maktaba nilizibandika lebo hizo kwa mkono, na kitabu kikiwa chembamba ilinilazimu kuikata namba penye nukta na kuishusha mstari wa pili. Wakati huo niliona usumbufu wa gundi na karatasi tu. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba urefu ule unapima umbali wetu kutoka pale mkutubi wa Marekani, Melvil Dewey, aliposimama alipochapisha mfumo wake mwaka 1876.

Katika fungu la fasihi, namba 810 hadi 889 zimegawiwa Marekani, Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kilatini na Kigiriki, kila moja na jamaa zake wa karibu, na 890 ikaachiwa lugha nyingine zote: Kiarabu, Kichina, Kiswahili na mamia ya wenzao. Dini nazo ni vivyo hivyo, kwani Ukristo umetanda kuanzia 220 hadi 289 ilhali Uislamu umepewa 297 peke yake.

Wapo wanaosema namba ni anwani tu, nami siafiki, kwa sababu anwani ndiyo inayoamua kitabu kikae jirani na nani. Dorothy Porter, mkutubi aliyekabidhiwa mwaka 1930 mkusanyo wa vitabu vya watu Weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alikuta maktaba nyingine zikiviweka vitabu vya waandishi Weusi katika 325, yaani ukoloni, au 326, yaani utumwa, hata kama ni mashairi. Alikataa, akavipanga upya kwa mada na kwa mwandishi, kama vinavyopangwa vitabu vya watu wengine wote.

Mfumo wenyewe, kwa haki yake, umefanyiwa marekebisho mengi, na unaruhusu maktaba kuipa lugha inayoipendelea namba fupi. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba 896.3923 haiepukiki, huwa sishawishiki. Sababu ninayoielewa ya kutoibadilisha ni ile ya kazi: kila kitabu kishushwe, katalogi isahihishwe, lebo ibanduliwe, na gundi kuukuu, kama nilivyojionea, haikubali kutoka bila kuondoka na kipande cha jalada.