Nani Alitangulia? Mirathi Tatu Ndani ya Nyumba Moja

Machi 2022, saa kumi jioni, shangazi yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga huku analia. Watu watatu walikuwa wameingia uani na futi kamba, wanapima kuta za nyumba ya Babu pale Ngamiani. Mmoja wao alimwambia kwa adabu kabisa, "Mama, anza kujiandaa, nyumba imeshauzwa." Aliyeiuza ni amu, mdogo wake marehemu baba yangu.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita na fremu mbili za biashara upande wa barabarani. Babu alifariki mwaka 1998. Hati imekaa ndani ya sanduku la bati tangu siku hiyo, jina la Babu liko vilevile. Hakuna aliyefungua mirathi. Baba akafariki mwaka 2009, Bibi akamfuata mwaka 2014, na kila msiba ulipokwisha tulisoma hitima, tukala, tukatawanyika. Kuzungumzia mali wakati kaburi bado bichi ilionekana ni kukosa haya. Mimi mwenyewe niliona hivyo.

Nilimpigia amu, nikamwamkia, nikamuuliza kwa upole. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mwanangu, baba yenu alishatangulia. Mtoto akitangulia, wanawe hawarithi. Muulize sheikh yeyote." Na akina shangazi je? "Hao nitawapoza." Kwa hesabu yake nyumba ilikuwa ya mtoto wa kiume aliyebaki, yaani yeye.

Nikaenda kweli kwa sheikh. Nilimweleza yote, na aliniuliza swali moja tu: "Babu yako na baba yako, nani alitangulia kufa?"

Babu.

"Basi baba yako alimrithi Babu dakika ileile Babu alipokata roho. Kwamba hakupewa ni jambo jingine. Fungu lake lipo, na alipokufa yeye, fungu hilo likawa lenu." Kisha akauliza juu ya Bibi. Bibi alikufa baada ya Baba. "Hapo sasa amu yako amesema kweli. Katika mali ya Bibi ninyi wajukuu hamna kitu, kwa sababu mwanawe wa kiume yuko hai." Kwa hiyo amu alikuwa na neno la kweli mkononi, ila alilitia kwenye kaburi lisilo lake. Tangu siku hiyo kazi yangu yote ilizunguka miaka mitatu: 1998, 2009, 2014, kwa mpangilio huohuo.

Jambo la kwanza sikwenda mahakamani, nilikwenda kwa mnunuzi. Nadhani hapo ndipo tulipopona. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa makamo, ameshatoa advansi ya shilingi milioni 10 kupitia dalali. Nilimwonyesha nakala ya hati, nikamwambia mwenye jina hili ni marehemu, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Asiye msimamizi hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe mtoto wa kwanza au wa mwisho. Alikaa kimya akiiangalia ile nakala. Halafu akasema anaitaka nyumba lakini hataki kesi, angesubiri. Shangazi mkubwa naye akaenda ofisi ya ardhi ya mkoa kuweka zuio kwenye hati, ili asitokee mwingine.

Kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ndiko nilikojifunza kwamba tulichokuwa nacho si mirathi moja. Ni tatu, na kila marehemu ana jalada lake. Tena hazifunguliwi popote unapopenda. Mahakama ya Mwanzo inapokea mirathi ya Kiislamu au ya kimila pale ambapo marehemu alikuwa na makazi yake alipofariki. Babu na Bibi walikuwa wa Tanga, majalada yao yakawa Tanga. Baba aliishi Mbagala, Dar es Salaam, mpaka mwisho, kwa hiyo la kwake likaenda Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya familia. Mali ile ile, nyumba ile ile, mimi na basi la Tanga.

Makaratasi sitayaeleza sana, kila mtu anayajua: muhtasari wa kikao cha familia unaompendekeza msimamizi, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo, Fomu Namba 1 ya maombi, tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kikao cha Tanga kilinipendekeza mimi pamoja na shangazi mkubwa kwa Babu na Bibi. Amu alikuja, akakaa mlangoni, hakusaini lakini hakupinga. Kwa Baba nilipendekezwa peke yangu.

Kilichotutesa ni cheti cha kifo cha Bibi. Alifia nyumbani alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Miaka minane baadaye ilibidi tuandikishe kifo chake RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa kuchelewa, tukipeleka barua ya mtaa na mashahidi waliokuwepo mazishini. Mzee mmoja wa msikitini alikumbuka kwamba aliingia kaburini kumpokea Bibi, na kwamba ilikuwa mwaka 2014 kwa kuwa mwaka huo ndio aliomwoza binti yake. Wengine wangeona ni cheti tu. Lakini laiti ingeandikwa kwa makosa kwamba Bibi alikufa kabla ya Baba, mafungu yote yangebadilika, Baba angemrithi Bibi badala ya Bibi kumrithi Baba. Nilikisoma kile cheti mara tatu pale dirishani kabla sijaondoka.

Tukishateuliwa, tulikuwa na miezi minne ya kupeleka mahakamani Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu. Hapo ndipo nilipoelewa usimamizi ni nini. Watu wanadhani msimamizi ndiye amepewa nyumba. Msimamizi ni mtunza daftari anayewajibika kwa hakimu. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anarudi na hesabu kwenye Fomu Namba 6. Akila, anashtakiwa. Nilinunua daftari la kaunta nikaandika kila kitu, hadi nauli. Tulikuta malimbikizo ya kodi ya ardhi ya miaka mingi, na tukakuta kodi ya zile fremu mbili ambayo amu alikuwa akipokea peke yake tangu Bibi alipofariki.

Sheikh alitupigia hesabu ya mafungu, na naiweka hapa nzima kwa sababu niliona jinsi inavyowatuliza watu kuliko hotuba. Baadaye nyumba iliuzwa, na baada ya kodi, ada na madeni ikabaki milioni 120 na chenji, kwa hiyo natumia milioni 120.

Kwanza Babu, 1998. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto: milioni 15 za Bibi. Zilizobaki, 105, zinagawanywa mafungu saba, mwanamume mawili, mwanamke moja. Fungu moja likawa milioni 15. Kila shangazi 15, Baba 30, amu 30.

Kisha Baba, 2009, na zile 30 zake. Aliacha mama yake mzazi, mke na watoto watatu, kaka yangu na sisi mabinti wawili. Bibi, kama mama wa marehemu, ana sudusi, yaani moja ya sita: milioni 5. Mama yangu thumni: 3,750,000. Zilizobaki, 21,250,000, kaka nusu yake, mimi na mdogo wangu robo robo. Mimi nikawa na 5,312,500.

Mwisho Bibi, 2014. Ana zile 15 za mumewe na 5 za mwanawe, jumla 20. Warithi wake ni amu na mashangazi watatu tu. Mafungu matano ya milioni nne nne: amu 8, kila shangazi 4.

Ukijumlisha, amu 38, kila shangazi 19, familia ya Baba 25. Shangazi mdogo alikuwa anafuata kwa kijiti mchangani pale uani. Tulipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo sisi watatu tuna 57. Na mimi nilikuwa napozwa."

Ningependa kusema hapo mambo yaliisha. Hayakuisha, kwa sababu swali la nani alitangulia lilikuwa na upande wa pili ambao sikuuona mpaka nilipojaza orodha ya mali za Baba kule Temeke. Baba hakuacha fungu la Ngamiani peke yake. Aliacha na nyumba ya Mbagala, ambayo Mama anaishi hadi leo. Na kama Bibi alimrithi Baba, basi alirithi huko pia. Na kama Bibi alirithi huko, basi amu na mashangazi, kupitia kwake, wana kitu kwenye nyumba ya Mama.

Sikulala usiku ule. Ningeweza kuiacha Mbagala nje ya orodha. Hakuna aliyekuwa ameiuliza. Lakini Fomu Namba 5 unaisaini ukithibitisha kwamba ndiyo mali yote. Nilikuwa nimemshika amu kwa neno lilelile.

Msaidizi wa kisheria alinieleza jambo lililonipa pumzi. Kabla ya kugawa mali ya mume, tazama kwanza kipi ni jasho la mke. Alinitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, akasema, lakini hoja muielewe. Mama hakuwa wa kazi za nyumbani tu. Matofali ya vyumba viwili vya nyuma yalitokana na genge lake. Watoto wote watatu tuliandika kwamba nusu ya Mbagala ni ya Mama kabla ya mirathi. Sudusi ya Bibi ikabaki kwenye nusu ya Baba, yaani moja ya kumi na mbili ya nyumba.

Nikaipeleka Tanga mwenyewe, kwenye kikao, nikaisoma kwa sauti. Shangazi mkubwa aliomba tutoke, wabaki ndugu wanne wa tumbo moja. Nadhani walikaa saa nzima. Sisi tulikuwa uani tunamsikiliza amu akipandisha sauti, kisha akishusha, kisha kimya.

Walipotuita, shangazi mkubwa alisema wamesamehe fungu lao la Mbagala wote wanne, mke wa kaka yao asiguswe. Na akina shangazi wamemsamehe amu kodi ya fremu ya miaka minane. Mimi nilikuwa na ile kodi kwenye daftari, mwezi kwa mwezi, na kwa kweli iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kuidai. Amu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kofia yake. Nikafunga daftari. Tukaandika yote mawili kwenye muhtasari, safari hii amu akasaini wa kwanza, na mahakama ikaupokea.

Kuuza kulikuja kuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Jina la Babu lilitolewa kwenye hati tukaandikishwa mimi na shangazi mkubwa kama wawakilishi wa marehemu, zuio likaondolewa, na mnunuzi yuleyule akasaini na sisi. Advansi aliyompa amu ilikatwa kwenye fungu la amu. Kila mrithi alilipwa kwenye akaunti yake mwenyewe, hata shangazi mdogo, ambaye tulimfungulia akaunti wiki ile. Chenji iliyozidi tuliifanyia hitima ya wote watatu.

Shangazi mdogo alizaliwa katika nyumba ile na hakuwahi kulala kwingine zaidi ya mwezi. Alinunua kiwanja Pongwe, akajenga vyumba viwili. Siku ya kukabidhi funguo alikuwa ameshapakia vyombo vyote kwenye guta, akarudi ndani akatoka na mbuzi ya nazi ya Bibi, ile yenye kiti kilicholika upande mmoja, akapanda nayo mapajani.

Hakimu alipokuwa anafunga jalada la Babu alimwuliza kila mmoja kama amepokea haki yake yote. Amu alisimama na kusema, "Nimepokea, mheshimiwa. Na wa marehemu kaka yangu wamepokea." Karani akaandika.