Taa ya injini imezimika, lakini usilipe bado

Watanzania wenzangu mlioko Kampala, gari likitoka gereji baada ya kubadilishwa masega (kichujio cha moshi ndani ya eksozi, catalytic converter) au sensa ya oksijeni, taa kuzimika si ushahidi wa kupona. Fundi akifuta kodi (namba ya hitilafu) kwa mashine ya kupimia gari, au akichomoa betri tu, inazimika hata kama hajagusa kitu. Kompyuta ya gari husahau vipimo vyote ilivyojifanyia, na kwa kodi ya P0420, inayosema masega hayasafishi moshi vya kutosha, kwa kawaida hungoja ione tatizo katika safari mbili ndipo iwashe taa tena. Kufikia hapo pesa mmeshatoa.

Masega ya mtumba ya Kisekka, soko la vipuri, yatikiseni kabla ya kuyanunua. Yakicheza ndani kama kokoto, yameshavunjika.

Kwa majaribio, gari lilale hadi injini ipoe kabisa. Petroli iwe kati ya robo na robo tatu ya tangi, la sivyo kipimo cha mvuke wa mafuta huenda kisifanyike. Asubuhi liwake, likae sailensa (lingurume bila kukanyaga mafuta) dakika 2 au 3, kisha litoke kupitia Busega mapema, kabla ya jam, liingie barabara ya kulipia ya Entebbe. Shikilia kilomita 80 kwa saa, dakika 10 mfululizo. Nyuma kukiwa kweupe, achia mafuta bila kukanyaga breki hadi 50, urudie mara tatu. Mashine aishike abiria, tafadhali, si dereva.

Kwenye mashine, macho yawe kwenye sensa ya nyuma, ile ya oksijeni iliyo baada ya masega. Injini ikishapata moto, kwa mwendo wa sare namba hutulia, mara nyingi volti 0.6 hadi 0.8. Ikipanda na kushuka haraka haraka kati ya 0.1 na 0.8, ama masega yamekufa ama eksozi inavuta hewa kwenye gasketi. Wakati injini imewashwa lakini ingali baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio uone mapovu. Ukiachia mafuta lazima namba ya sensa ishuke karibu na 0. Isiposhuka hata kidogo, sensa ni mbovu au waya umechezewa.

Mwisho, fungua ukurasa wa vipimo kwenye mashine: vyote viwe vimekamilika na pasiwe na kodi inayosubiri. Kama injini ilikuwa inamisi (inaruka moto), hakikisha plagi na koili vimetengenezwa pia, kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega mapya na kuyayeyusha.