Nilivyochora Mazungumzo ya Uani bila Kuvunja Sitara

Nyumba nyingi za Ngamiani, hapa Tanga, zina baraza mbele na uani nyuma, na mazungumzo ya pande hizo mbili hayafanani. Barazani wanaume hunywa kahawa ya dele kwa kashata na hucheza bao mbele ya kila apitaye, kwa hiyo mchoraji aliyeomba ruhusa hukaa akachora. Uani ni kwa wanawake: mmoja anasukwa nywele, mwingine anasuka ukili wa mkeka, mabuibui yametundikwa, na yanayosemwa pale hayatoki nje. Nimekulia katika uani wa namna hiyo, nami nilitaka kuuchora ulivyo, watu wakiwa katika maongezi yao wenyewe, wala si wamejipanga kama kwa picha ya harusi. Ugumu ni kwamba picha ikishatundikwa ukutani huonwa na kila mtu, wanaume wakiwamo.

Nilimwendea shangazi yangu, mwenye uani. “Chora, mwanangu,” aliniambia, “lakini pasitokee mume wa mtu akamtambua mkewe ukutani.” Sharti hilo lilikuwa la haki kabisa, na ndilo lililoongoza kazi yote.

Simu niliiacha chumbani, kwa sababu simu ikiinuliwa kanga huvutwa kichwani na kicheko hukatika. Nilikaa mkekani na daftari dogo na penseli, nikishika zamu yangu ya kukuna nazi kisha nikirudi kuchora, mpaka wenzangu wakaacha kulijali daftari. Nilichora mikao kwanza. Anayesimulia jambo zito huinama mbele. Anayemsikiliza kwa hamu huacha mikono itulie juu ya ukili. Asiyekubaliana naye huzidi kusuka kwa kasi, macho yakiwa kwenye miyaa. Anayesukwa nywele hawezi kugeuza kichwa, hivyo huzungumza akitazama chini, na wenzake humjibu wakitazama kisogo chake. Huyo ndiye aliyenifungulia njia, kwani nilimwona mtu aliyezama katika mazungumzo ilhali uso wake hauonekani, na hakuna aliyemficha.

Nilipata nguvu pia kutoka kwa wachoraji wengine. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyeishi kati ya 1923 na 1993, alichora wanakijiji wakifanya kazi pamoja, na watu wake unawaelewa kwa mikao kuliko kwa nyuso. Nicole Eisenman, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Verdun, Ufaransa, mwaka 1965, ana picha ya 2007 iitwayo Biergarten at Night, yenye umati wa watu mezani usiku katika bustani ya bia. Starehe hiyo si ya uani kwetu, lakini niliitazama kwa muda mrefu kwenye intaneti, kwa kuwa nyuso nyingine amezichora kwa ukamilifu na nyingine ni kama vinyago tu, na bado mkusanyiko wote unaaminika. Kwa maoni yangu, mazungumzo yamo katika nafasi iliyo kati ya mtu na mtu, na mchoraji akiikosea nafasi hiyo, uso uliochorwa vizuri hautamwokoa.

Picha yenyewe niliifanyia chumbani kwa rangi ya akriliki, juu ya kitambaa cha marekani nilichokiwamba kwenye fremu ya mbao na kukipaka kwanza rangi nyeupe ya maji ya ukutani ili kisinywe rangi. Ngozi iliyo kivulini sikuichora kwa nyeusi ya chupani, ambayo huufanya mwili uonekane umekufa. Nilichanganya kahawia na bluu, kisha nikaongeza wekundu kidogo chini ya kidevu, pale mwanga wa sakafu unapopanda.

Kabla ya mgeni yeyote kuiona, niliwaita wenyewe waitazame. Nyuso zilipita zote, lakini mama mmoja alijitambua kwa pindo la kanga yake, akasema mumewe ndiye aliyeinunua na hataacha kuijua. Nilibadilisha rangi ya kanga ile na nakshi yake, nikamwita tena, akaridhika. Sasa nimeanza picha ya msusi, na makubaliano yetu ni kwamba kila picha itapita mbele yao kwanza, kanga zikiangaliwa sawasawa na nyuso.