Kaunti ya Macon, Alabama: majina makubwa kwenye misonobari

Kutoka Atlanta kwa barabara kuu ya 85, saa mbili hivi zinakufikisha Kaunti ya Macon. Misonobari kulia, misonobari kushoto, nyumba moja moja. Rafiki yangu aliyeshika usukani akauliza, "Sasa huku porini tunafuata nini, ndugu yangu?" Nikamjibu kwamba mwanamuziki Lionel Richie ni mtoto wa huku. Akakanyaga mafuta.

Rosa Parks, yule mwanamke Mweusi aliyekataa kumwachia mzungu kiti kwenye basi, naye alizaliwa hapa Tuskegee, mji mkuu wa kaunti, 1913. Mwandishi Zora Neale Hurston alizaliwa Notasulga, mwendo mfupi kutoka hapo, 1891.

Kaunti iliundwa 1832, mwaka ambao Wacreek, wenyeji wa asili wa eneo hili, walitia saini mkataba wa kuachia ardhi yao. Nyuma yao ikaja pamba, pamoja na watumwa wa kuilima.

Ukitaja Chuo cha Tuskegee, kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi, watu wote humtaja mkuu wake wa kwanza, Booker T. Washington. Mimi nilitaka kumjua Lewis Adams, fundi bati na viatu aliyezaliwa utumwani. Wanasiasa wazungu walipomjia kuomba kura za Weusi, yeye alitaka wawape Weusi shule. Mwaka 1881 jimbo likatoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu, ndipo Washington akaitwa kukiongoza chuo. Huyu naye hakuwa mtu wa kukata tamaa: matanuri matatu ya kuchomea matofali ya chuo yalipoharibika, aliweka saa yake rehani kwa dola 15 akajenga la nne. Nyumba yake, iliyojengwa 1899 kwa matofali ya wanafunzi, bado imesimama. Nilipitisha kiganja ukutani, kingo za matofali zimenyooka vizuri kuliko kwenye nyumba nyingi mpya. Amezikwa hapo chuoni, na pembeni yake yupo George Washington Carver, yule aliyesifika kwa utafiti wa karanga, bwana shamba aliyebuni gari la kupeleka mafunzo kwa wakulima vijijini.

Uwanja wa ndege wa Moton, walikofunzwa marubani Weusi wa Vita vya Pili vya Dunia, tuliupitia haraka haraka. Kilichonishika zaidi ni ramani ya mji. Mwaka 1957 wabunge wa Alabama waliichukua mipaka ya Tuskegee, iliyokuwa mraba, wakaikata hadi ikawa na pande 28. Karibu wapiga kura Weusi wote wakajikuta nje ya mji. Mzungu hakutoka hata mmoja. Charles Gomillion, mwalimu wa chuoni, akaenda mahakamani, na 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki.

Wakili wake alikuwa Fred Gray, ambaye akiwa kijana wa miaka 24 alimtetea pia Rosa Parks. Jina lake lilitufuata hadi Notasulga, kwenye kanisa la Shiloh. Waumini wa hapa walikuwa miongoni mwa wanaume 600 walioingizwa katika utafiti wa kaswende wa serikali kuanzia 1932. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini, dawa ya kuponya kaswende, ilipopatikana, wagonjwa hawakupewa, na utafiti ukaendelea hadi 1972. Makaburini tulisoma majina tukipiga hesabu za miaka; rafiki yangu, mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Hawa walikuwa wazee wa watu."

Gray aliishtaki serikali 1973, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 10. Rais Clinton alipoomba radhi, 1997, walionusurika walikuwa wanane. Watano walifika Ikulu.