Siku moja maishani mwangu: nafundisha kung'oa nanga, Nairobi

Saa 11:30 alfajiri. Napanda matatu Rongai kabla foleni ya barabara ya Lang'ata haijakaza. Kazi yangu ni kuwanoa vijana wanaotafuta kazi melini. Bahari iko mbali, karibu kilomita 500, lakini tabia ya kujiepusha na mnyororo wenye mzigo hujengwa popote palipo na mnyororo na winchi, na karakana yetu ya Eneo la Viwanda inavyo vyote viwili.

Saa 2:00. Kofia ngumu, miwani, glavu, viatu vya kazi. Aliyepungukiwa na kimoja anabaki nje ya mstari wa njano.

Saa 3:00. Maandalizi. Redio inajaribiwa na "darajani", mahali nahodha anapoongozea meli, ambapo hapa ni mezani kwangu. Winchi inazungushwa kwanza bila mzigo. Kisha gia inaingizwa, breki inalegezwa, na mnyororo unavutwa kidogo tu ili chuma kinachouzuia kiachie uzito. Hapo ndipo kinainuliwa. Kijana mmoja anakigonga kwa nyundo kikiwa bado kimebanwa. Namsimamisha papo hapo. Chuma kilichobanwa kikifyatuka hakichagui mkono.

Saa 4:30. "Mwalimu, si winchi ndiyo inayoivuta meli?"

Swali hili nalijibu hadi sauti inakauka. Winchi imeundwa kuinua nanga na mnyororo unaoning'inia: kanuni za kimataifa zinataka mwendo wa wastani usiopungua mita 9 kwa dakika, ukipimwa kuanzia mnyororo wa mita 82.5 ukiwa unaning'inia. Haikuundwa kukokota maelfu ya tani dhidi ya upepo. Meli ndiyo huifuata nanga, kwa injini yake. Serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, akiwa omo, yaani mbele ya meli, anatazama mnyororo unaelekea wapi na umekaza kiasi gani, anamwarifu nahodha, naye anasogeza meli mbele polepole. Mnyororo ukikaza mno, unasimamisha winchi, unafunga breki, unasubiri ulegee. Mota ya haidroliki ikizidiwa hupasuka, na vipande vya chuma humpata kwanza aliyeshika usukani wa winchi. Mabaharia wamekufa hivyo. Nahodha mwenye haraka hana ruhusa ya kukufanya uendelee kuvuta.

Saa 7:00. Chapati na ndengu.

Saa 8:00. Ghala la mnyororo, yaani chumba cha melini unamohifadhiwa mnyororo. Kutu hula oksijeni, na chumba kilichofungwa kinaweza kukuangusha kabla hujahisi lolote. Hewa ipimwe, kibali kiandikwe, mtu akae mlangoni. Na huyo wa mlangoni akimwona mwenzake ameanguka, apige kengele ya hatari; asimfuate ndani. Hapa darasa hunyamaza, maana sote tumelelewa kukimbilia aliyeanguka.

Saa 10:00. Zoezi kamili. Binti wa Kayole ndiye serahangi leo. Shakeli tatu, yaani vipande vitatu vya mnyororo, zimebaki, kila moja mita 27.5: mapigo matatu ya kengele. Mbili. Moja. Mnyororo umesimama wima. Nanga inang'oka, kengele inalia mfululizo, naye anaikagua kama imenasa kebo au wavu kabla ya kuipandisha hadi mahali pake. Chuma kinashushwa, breki inakazwa.

Lakini mpira mweusi bado uko juu. Meli inayotembea huku imeupandisha inaziambia meli nyingine kwamba imetia nanga. Tunarudia zoezi lote, na safari hii anaagiza ushushwe nanga ilipoachana na sakafu tu.