Kikombe cha ami

Nimefika kwa ami hapa Wete siku ya 27 tangu atiwe mshipani kule India dawa ya saratani yenye lutetiamu, metali inayotoa mionzi, nikakuta kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Kinaoshwa peke yake na beseni lake, kisha kinaanikwa juu ya ukuta wa uani. Jirani alimwambia mke wa ami kwamba mwenye mionzi hashirikiani chombo na watu. Wajukuu wamekatazwa kitanda cha babu yao. Mwenyewe kakubali tu, anakunywa kahawa barazani peke yake, mtu ambaye tangu nipate akili sijamuona akinywa bila ya wenzake.

Iliniuma sana. Nasomesha kemia skuli, na metali hii naijua.

Nikamwomba mke wa ami karafuu kavu, nikahesabu 16 juu ya jamvi. Nikamwambia: lutetiamu ya ami ni ile ya 177, yaani hesabu ya protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomu yake. Kila siku sita na theluthi mbili hivi, nusu yake hugeuka kuwa hafniamu, ambayo haitoi mionzi. Nusu-uhai ndiyo huo. Nikaondoa nane. Kisha nne, kisha mbili, kisha moja. Mara nne hizo ni kama siku 27. Imebaki karafuu moja.

Na hiyo ni hesabu ya dawa iliyokaa chupani. Mwilini, sehemu kubwa ya ile isiyoshika kwenye uvimbe hutoka na mkojo siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana tahadhari ni za siku zile: kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito, kuvuta maji ya choo mara mbili, kunawa vizuri. Yote yalikuwamo kwenye karatasi aliyopewa, ya Kiingereza, imekunjwa ndani ya pasipoti. Hakupata mtu wa kumweleza kwa Kiswahili, na hilo bado linanikera.

"Basi inamtibu vipi, kama inakwisha upesi hivyo?" akaniuliza.

Swali zuri. Lutetiamu imefungwa kwenye molekuli inayoitambua protini iliyojaa juu ya seli za saratani ya tezi dume. Ikifika hapo inashika, na chembe zake za beta haziendi zaidi ya milimita mbili hivi. Nikamwonesha kichwa cha karafuu: haziwezi hata kukivuka. Zinaunguza palipo na ugonjwa na jirani yake tu. Mionzi kidogo ya gama ndiyo hutoka nje ya mwili, na kwa hiyo madaktari huweza kupiga picha wakaona dawa imekaa wapi.

Elementi hii ni ya 71. Georges Urbain aliitenga Ufaransa mwaka 1907 na jina likatokana na Lutetia, jina la kale la mji wa Paris. Carl Auer von Welsbach wa Austria na Charles James kule Marekani waliifikia wakati uleule. Ya asili karibu yote ni isotopu, yaani aina ya atomu, ya 175, iliyotulia. Asilimia 2.6 ni ya 176, na nusu-uhai wake ni kama miaka bilioni 37, wakati dunia yenyewe ina bilioni nne na nusu. Hiyo ya 176 ikimeza nyutroni moja ndani ya kinu cha nyuklia inakuwa 177, na umri unashuka mpaka siku sita na ushei. Nyutroni moja! Nikifika hapo darasani sauti hunipanda kila mwaka.

Mke wa ami aliichukua ile karafuu iliyobaki, akaigeuza-geuza kidoleni muda mrefu bila ya kusema kitu. Kisha akainuka, akakishusha kikombe ukutani, akaukata uzi kwa meno.

Dozi ya pili ni wiki ya nane. Karatasi ya safari hiyo nimeshamwandikia mwenyewe, mistari sita kwa Kiswahili, herufi kubwa ili aisome bila ya miwani.